Jakuzi Lako Lina Masharti

Mdogo wangu, najua ulivyolihangaikia hilo jakuzi. Nyumba imekwisha, deni la fundi limekwisha, sasa kila Jumamosi mashoga wanajaa uani na roho yako kwatu. Sikuonei gere. Ila sogea tuongee, maana naona unalichukulia kama beseni kubwa la maji moto.

Unaniambia maji ni safi, unaona hadi chini. Usione vyaelea, mpenzi, vimeundwa. Umeme ukikatika pampu inalala, dawa inaisha nguvu, maji yanabaki vuguvugu na kuharibika kama mchuzi uliolala nje. Kuna bakteria aitwaye Legionella, huzaliana katika joto la namna hiyo. Unamvuta kifuani pamoja na mvuke unaoufurahia, anakuletea nimonia. Na vile vipele vyekundu chini ya nguo ya kuogelea ulivyosingizia mbu? Huenda ni maji hayo hayo. Mdharau mwiba guu huota tende.

Basi nunua vikaratasi vya kupimia. Chovya kimoja, linganisha rangi na zile za kwenye kopo: klorini isishuke chini ya 3 ppm, pH iwe kati ya 7.0 na 7.8. Harufu kali isikudanganye kwamba dawa imejaa. Harufu ile hutoka klorini ikishapambana na jasho na mkojo. Ndiyo maana wageni waoge kwa sabuni kwanza, na wewe usione haya kuwaambia. Kichujio kitoe ukioshe kwa mpira wa maji. Panua mikunjo yake uone losheni zilivyoganda humo. Maji yamwage yote kila miezi 3 au 4, mapema zaidi kama wageni ni wengi. Na dawa huwekwa kwenye maji, si maji kwenye dawa, wala usichanganye dawa mbili.

Linalonitia hofu kuliko yote ni kifuniko cha tundu la kunyonyea maji. Mwaka 2002 kule Marekani, Graeme Baker, mtoto wa miaka 7, mjukuu wa James Baker aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje, alinaswa na nguvu ya tundu hilo ndani ya jakuzi. Mama yake alimvuta akashindwa. Wanaume wawili walivuta mpaka kifuniko kikavunjika, lakini mtoto hakupona. Mwaka 2007 ikapitishwa sheria yenye jina lake. Kwa hiyo usiniambie ajali haina kinga! Ukiona kifuniko kina ufa au kimelegea, zima pampu, asiingie mtu mpaka fundi aje. Swichi ya kuzimia kila mtu nyumbani aijue, na dada wa kazi pia. Nywele ndefu na rasta zifungwe juu.

Joto lisizidi nyuzi 40. Mtoto chini ya miaka 5 asiingie kabisa, hata akilia. Wewe mwenye mimba kaa pembeni, mimba changa haitaki mwili uchemke. Mwenye presha amuulize daktari wake. Pombe ibaki mezani, maana ikikutana na joto lile usingizi huja na kichwa kikazama bila kelele.

Na kifuniko cha juu kifunge kwa kufuli kila mnapotoka, hata kama unafuata taulo tu. Mtoto wa jirani hasubiri urudi.