SOMO LA WIKI: KORONGO NA CHURA
Someni: Yeremia 8:7, Kutoka 8:1-14



Mvua ikianza hapa Lugulu, vyura hulia usiku kucha kule mtoni. Na ukipanda matatu kwenda Kitale, mara nyingine unaona korongo taji wawili wakitembea shambani pole pole kama wazee wa kanisa. Korongo tunamsifu. Chura tunamrushia jiwe.

Hata Biblia inawataja tofauti. Kwa Yeremia, korongo ni ndege anayejua majira yake. Kule Misri, chura alikuwa pigo. Lakini aliyewaumba ni mmoja, na nyumba yao ni moja: kinamasi. Tuwalinganishe.

1. Kuzaa. Korongo taji hutaga mayai machache, mara nyingi mawili au matatu, kwenye majani ya kinamasi. Baba na mama hupokezana kuyalalia. Chura huacha mayai mengi majini. Viluwiluwi hutoka na mkia, wakipumua majini kama samaki, kisha wanaota miguu na kupata mapafu.

2. Ngozi. Korongo amefunikwa na manyoya na hunywa kwa mdomo. Chura hunywa kwa ngozi, tena ngozi hiyo humsaidia kupumua. Sumu ikiwa majini, inamwingia moja kwa moja.

3. Chakula. Korongo hula mbegu, wadudu, na chura pia.

Sasa, mpendwa, angalia hapa. Ukiosha pampu ya dawa mtoni, anayetangulia kuumia ni yule chura uliyemdharau. Korongo anafuata, maana ni chakula chake. Halafu ni sisi, kwa sababu mto ni huo huo tunaochota maji ya watoto.

Mwaka 1974 serikali ilitenga kinamasi cha Saiwa, karibu na Kitale, kuwa hifadhi ya taifa. Ni hifadhi ndogo mno. Korongo taji, ambaye tangu 2012 amewekwa kati ya ndege walio hatarini kuangamia, anahitaji pia vinamasi vya mashambani mwetu.

Wiki hii tufanye matatu: tusilime hadi ukingo wa mto, pampu tuioshee mbali na maji, na tusitege korongo kwa mahindi yenye sumu, ati kwa kuwa anafukua mbegu. Afadhali kumlinda mtoto awafukuze.

Swali la ushirika wa nyumbani: Ni nani tunamdharau, kumbe anaumia kwanza kwa ajili yetu?

Mungu awabariki.