Siliata Mpya wa Baharini: Kabla ya Kumpa Jina

Ukimwona kwenye hadubini siliata usiyemfahamu, usikimbilie kumpa jina. Viumbe hawa wa seli moja, wanaojongea kwa vinywele viitwavyo silia, hufanana mno. Euplotes vannus na Euplotes crassus, wote wa baharini, huwachanganya hata wataalamu.

Anza naye akiwa hai. Chota mchanga maji yakiwa yamekupwa, uweke kwenye kisahani pamoja na maji ya bahari ya hapohapo, kisha tia punje chache za mchele. Bakteria watazaliana, naye atapata chakula. Mtazame bila haraka. Silia za tumboni mwa Euplotes zimeshikana mafungu mafungu, naye hutambaa nazo juu ya chembe za mchanga kama mwenye miguu. Andika urefu, umbo, rangi na mwendo wake. Wengi huiruka hatua hii, na hasara yake ni kubwa: akishauawa kwa dawa, mwendo haupo tena na rangi yake halisi hupotea.

Ndipo atiwe protagoli, rangi yenye madini ya fedha. Viini na mashina ya silia hujitokeza, nawe unahesabu: mafungu mangapi tumboni, mistari mingapi mgongoni. Hesabu kwa wengi, maana hata wa spishi moja hutofautiana. Baadhi ya dawa za kuwahifadhia zina zebaki, ambayo ni sumu. Vaa glavu, wala usiimwage kwenye sinki.

Jeni la 18S, linalotumika kulinganisha spishi, nalo lisomwe, lakini lisiachiwe kuamua peke yake. Mjini Qingdao, kundi la mtafiti Weibo Song limeeleza siliata wengi wa baharini kwa kuunganisha ushahidi wa aina zote tatu.

Pekua pia maandishi ya zamani. Mtaalamu Müller alimweka vannus katika jenasi Trichoda mwaka 1786. Leo jina la Müller huandikwa ndani ya mabano, ishara kwamba spishi ilihamishiwa jenasi nyingine. Huenda "mpya" wako alishapewa jina zamani hizo.

Ukichapisha, tamka wazi kwamba ni spishi mpya, utaje kielelezo chake na makumbusho kinakotunzwa. Kwa kawaida ni slaidi, na siliata mwenyewe amezungushiwa duara la wino kwenye kioo. Makala ya intaneti pekee lazima isajiliwe kwanza ZooBank, sajili ya majina ya wanyama, na usajili huo uonyeshwe ndani yake; bila hivyo jina halihesabiki.