Malaba na Busia: Zaidi ya Foleni ya Malori

SWALI: Kila mwezi napita Malaba nikienda Kampala. Kuna cha kuona hapa zaidi ya malori?

JIBU: Kipo, ndugu msomaji. Nenda Kakapel, kwenye vilima vya Chelelemuk, Teso Kaskazini. Inama chini ya mwamba utazame juu: miduara myekundu na myeupe ya wawindaji wa kale, kisha ng'ombe waliochorwa baadaye na wafugaji. Hapo watafiti walichimbua kunde za miaka 2,300 hivi.

Hata jina bodaboda lilizaliwa mpakani huku, baiskeli zilipovusha abiria kati ya vituo viwili vya forodha. Na hadi 1902, eneo hili lote lilihesabiwa Uganda.

Safari ijayo, shuka. Kakapel inastahili nusu siku yako.