Hofu ya Chombo Baada ya Ajali

Mwezi huu tunazungumzia hofu, hasa ile ambayo mtu hakuzaliwa nayo bali amejifunza.

Tarehe 10 Septemba 2011, usiku, MV Spice Islander I ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba. Haikupita mwaka, tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit ikazama karibu na kisiwa cha Chumbe ikitoka Dar es Salaam. Baadaye tulimpokea mama mmoja aliyenusurika. Mwanawe alikuwa na ugonjwa wa moyo, akatakiwa kupelekwa Muhimbili. Kila mama alipofika geti la bandari ya Malindi, mapigo ya moyo yalimwenda mbio, jasho likamtoka, akarudi nyumbani. Tiketi zilipotea mara tatu. Majirani wakasema ana shetani.

Hakuwa na shetani. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Ndani ya ubongo kuna kijisehemu mfano wa lozi kinachotunza kumbukumbu ya hatari. Honi ya meli ikilia, kinapiga kelele hata kama bahari ni shwari.

Kumbukumbu hiyo kwa kawaida haifutiki. Ubongo hujifunza somo jipya juu ya lile la zamani, na ili somo likae, seli zake huunganishwa upya. Kazi hiyo husaidiwa na protini iitwayo BDNF, iliyopatikana mara ya kwanza mwaka 1982 katika ubongo wa nguruwe. Tuifananishe na mbolea kwenye mche. Mwaka 2010 watafiti wa Puerto Rico waliwatilia panya protini hiyo sehemu ya mbele ya ubongo, na hofu waliyofundishwa ikapungua bila mafunzo mengine.

Maagizo ya kuitengeneza tunayarithi, nakala moja kwa baba na moja kwa mama. Wapo watu ambao maagizo yao yana tofauti ya herufi moja tu, na seli zao hutoa protini hiyo kidogo. Mwaka huohuo, uchunguzi wa New York ulionyesha kuwa panya na watu wenye tofauti hiyo huchelewa kuacha hofu. Hata hivyo, uchunguzi mwingine haukukubaliana na huo. Tena tofauti hiyo ni ya kawaida Asia na ni nadra sana kwa Waafrika. Hapa Mji Mkongwe, palipochanganyika damu za pande zote mbili, nani atabashiri kwa kumtazama mtu usoni? Basi mzazi asimwambie mtoto, "Wewe mwoga wa kuzaliwa."

Yule mama tulimwelekeza Kidongo Chekundu kwa ushauri. Alianza kwa kukaa Forodhani akitazama vyombo, na hakuondoka mpaka moyo umetulia. Alikwenda kwa miguu, kwa kuwa mazoezi huongeza protini hiyo, na tulimsisitizia alale vya kutosha. Kisha akasogea Malindi, kisha getini, kisha akaingia katika meli iliyofungwa gatini. Hatukumlazimisha. Vidonge vya usingizi vya kujinunulia dukani tulimkataza kabisa.

Mwezi wa nne akavuka na mwanawe. Mwaka uliofuata upepo wa kusi ulipovuma hofu ikamrudia, tukaanza tena Forodhani. Safari hii siku tano zilitosha.