Karata za Mchezaji Mmoja: Mbinu za Ushindi na Somo kwa Aliyepata Kiharusi

Tuseme mkazi wa Soga, wilayani Kibaha, amepata kiharusi kilichoudhoofisha mkono wake. Ameruhusiwa kurudi nyumbani. Asubuhi wenzake huenda shambani, wengine hupanda treni kuelekea Dar es Salaam, naye hubaki barazani peke yake. Wahedi wa sitini huhitaji wenza. Karata za mchezaji mmoja hazihitaji. Makala haya yanaeleza namna ya kuzicheza na jambo ambalo mhudumu wa afya hana budi kumweleza mgonjwa mapema.

Mchezo ulivyo

Aina ijulikanayo zaidi huitwa Klondike, ambayo tangu mwaka 1990 imo pia katika kompyuta za Windows. Hutumia karata 52. Karata 28 hupangwa katika safu 7: safu ya kwanza huwa na karata moja, ya pili mbili, hivyo hivyo hadi ya saba. Karata ya mwisho ya kila safu hufunuliwa. 21 hubaki zimefunikwa. Zilizosalia 24 ni akiba.

Safuni karata hushuka kwa kupishanisha rangi: tisa ya kopa huwekwa juu ya kumi ya shupaza. Lengo ni kujenga marundo 4, yaani kopa, uru, shupaza na pau, kila rundo likianza na ree na kupanda hadi mfalme. Safu iliyoisha hujazwa na mfalme tu.

Mbinu za ushindi

1. Penye hatua mbili, ichaguliwe ile inayofunua karata iliyofunikwa, hasa katika safu ndefu.
2. Ree na mbili zipandishwe rundoni mara moja. Nyingine zisiharakishwe, kwani huenda zikahitajika safuni kupokea karata ndogo.
3. Safu isimalizwe kabla mfalme wa kuijaza hajapatikana.
4. Kabla ya kumweka mfalme, itazamwe rangi ya malkia aliyepo: mfalme mwekundu humpokea malkia mweusi.

Kushindwa si kipimo cha akili

Mahesabu ya kompyuta yameonyesha kwamba, akiba inapofunuliwa karata 3 kwa mara moja, takriban mipangilio 82 kati ya 100 ina njia ya ushindi, endapo mchezaji angejua mahali pa kila karata. Iliyobaki haina njia, hata kwa bingwa. Naye mchezaji wa kawaida haoni zilizofunikwa, hivyo hupoteza mara nyingi zaidi.

Mgonjwa asiyelijua hili huweza kuhesabu michezo aliyopoteza na kuamini kwamba akili imemwishia, akaacha karata na mazoezi pamoja. Hatari hiyo si ndogo: takriban mgonjwa mmoja kati ya watatu waliopata kiharusi hupatwa na sonona. Basi asiulizwe, “Umeshinda mara ngapi?” Aulizwe kama amefunua karata kwa mkono dhaifu na kama amezifuata kanuni.

Kwa mhudumu na familia

Mgonjwa aketi penye meza imara, acheze kwa muda mfupi na kupumzika achokapo. Akisahau kila mara safu za upande mmoja, mtaalamu aelezwe, kwani huenda ubongo hauutambui upande huo. Karata haziponyi kiharusi, wala hazichukui nafasi ya dawa za shinikizo la damu na fiziotherapia. Ni msaada tu wa kuuzoesha mkono na umakini.

Mdomo ukipinda ghafla, mkono ukiishiwa nguvu au maneno yakikwama, mchezo uachwe hapo hapo na mgonjwa apelekwe hospitali bila kusubiri kuona kama hali itapita. Karata zinaweza kuchanganywa upya siku nyingine. Sehemu ya ubongo iliyokwisha kufa kwa kukosa damu hairudi.