Volti 12 Tu? Usiidharau!

Rafiki msomaji, kama umekulia Pemba unaujua msimu wa karafuu. Mchana watu wako juu ya mikarafuu, usiku wanakaa bandani kuchambua, yaani kutenga karafuu na makonyo. Wewe mwanafunzi mikono iko kwenye karafuu, akili iko kwenye mtihani. Na katikati ya jamvi pana nini? Kibatari!

Tangu mwaka 2010 Pemba inaletewa umeme kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga. Lakini banda la shamba aghalabu liko mbali na nguzo, na si rahisi mzee akubali kulipia waya kwa ajili ya kazi ya miezi michache. Basi tufanyeje?

KIBATARI KINA UBAYA GANI?

Moshi wake una chembe ndogo mno zinazofika ndani kabisa ya mapafu. Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilishauri watu waache kutumia mafuta ya taa majumbani. Pia kikipinduka kwenye jamvi, chini ya makuti makavu, moto hausubiri mtu. Tena mafuta yakiwekwa kwenye chupa ya soda, mtoto huyanywa akidhani ni kinywaji. Ikitokea hivyo, msimtapishe! Mpelekeni hospitali haraka.

TAA YA MKANDA

Siku hizi madukani kuna mikanda ya taa za LED ya volti 12. Haina moshi, na inatumia umeme kidogo sana. Tufanye hesabu, ni fizikia ileile ya darasani.

Tuseme mkanda wako unatumia wati 4.8 kwa mita. Mita 2 ni wati 9.6. Gawanya kwa volti 12, unapata ampea 0.8. Betri ndogo ya ampea-saa 7 (huandikwa 7Ah) usiimalize yote, itakufa mapema. Tumia nusu, yaani 3.5. Gawanya kwa 0.8: unapata saa 4 na kidogo. Ukiwasha saa 1 usiku, utachambua na kusoma mpaka saa 5. Mchana sola ya wati 20 huijaza tena, jua likiwa zuri. Ila sola ipitie kwenye kontrola ya chaji kwanza, isiunganishwe moja kwa moja na betri.

SASA, SIKILIZA VIZURI

Vijana wengi husema, "Volti 12 tu bwana, itanifanya nini?" Kweli, ngozi kavu inazuia umeme sana, kwa hiyo volti 12 haina nguvu ya kukupiga shoti. Lakini waya wa shaba hauzuii! Chanya na hasi zikigusana, betri hutoa makumi ya ampea kwa mara moja. Waya unakuwa mwekundu, plastiki inawaka, na juu yako ni makuti. Umekimbia kibatari, umeufuata moto uleule.

Kwa hiyo:

1. Weka fyuzi ya ampea 2 kwenye waya wa chanya, karibu kabisa na betri. Ikikatika, tafuta kosa. Usiifunge kwa kipande cha waya!

2. Kata mkanda pale tu penye alama ya mkasi. Ubandike kwenye ubao, si kwenye makuti. Usiuwashe ukiwa bado umeviringwa, utapata moto.

3. Viungo vyote vifungwe tepu. Hewa yetu ya chumvi inakula shaba, vikague kila mwezi.

4. Betri ikae penye hewa, mbali na moto na sigara, kwani ikichajiwa inaweza kutoa gesi inayolipuka. Watoto wasiifikie.

5. Asidi ikikuingia jichoni, osha kwa maji safi mengi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha nenda kituo cha afya. Betri mbovu usiivunje. Ndani yake mna risasi, ni sumu.

6. Kazi ya kwanza ifanye pamoja na fundi. Kuuliza si ujinga.

Na mtu akiungua? Mwagia maji safi ya baridi kwa dakika 20. Dawa ya meno na mafuta, hapana!

JIPIME

Mwenzako amefunga mita 4 za mkanda huohuo kwa betri ileile. Zitawaka kwa muda gani? Fyuzi ya ampea 2 itafaa?

Jibu: Ni ampea 1.6, kwa hiyo zitawaka saa 2 na kidogo. Fyuzi inafaa, maana 1.6 haijafika 2. Kama umepata, mfundishe mdogo wako leo, kabla kibatari hakijawashwa.