SOMO: VUMBI NA GARI LA KIKUNDI

Injini huvuta hewa kama sisi. Hapa bonde la Lambwe, barabara za murram zikikauka, hewa hiyo imejaa vumbi. Kinachozuia vumbi lisiingie ndani ni chujio la hewa, ambalo mafundi huita ea klina. Likiziba, gari hukosa nguvu mlimani. Likitoboka ni hatari zaidi: vumbi husaga pistoni na ringi zake, na hapo kikundi kitachanga pesa za kufungua injini nzima.

Kazi hii tunaiweza wenyewe:

1. Zima injini, ngoja ipoe, fungua boneti.

2. Tafuta boksi lenye bomba nene linaloingia kwenye injini. Fungua klipu au skrubu zake.

3. Toa chujio polepole. Ziba mdomo wa bomba kwa kitambaa safi, uchafu usiangukie ndani.

4. Liinue kwenye jua. Mwanga usipopita, au karatasi ikiwa imeraruka, badilisha. Chujio la karatasi halioshwi kwa maji wala petroli.

5. Panguza boksi, toa kile kitambaa, weka chujio jipya la saizi ileile. Mpira wake ukae sawasawa pande zote, kisha funga.

Wakati wa kiangazi tulichunguze kila wiki. Tusingoje kilomita zilizoandikwa kitabuni, kwani vumbi halisomi kitabu.

Tujadiliane: Kwetu, ni nani mwenye kazi ya kulichunguza? Pesa za chujio jipya tumeziweka kando?